Mama ya Kwenye Karte

Lubumbashi, tarehe 17/9/1972

Kwako mudogo yangu Mwape, ku Kasenga,

Nakutumia salamu mingi, camion ya Sudi, hata ni lori kubwa, haiwezi kuzibeba zote kwa safari moja. Mimi niko muzima, nguvu iko, kitambi kimeanza kidogo, bantu ku kazi banasema nimekuwa chef, mukubwa ya kazi, mbele ya kuitwa chef. Bibi ya nyumba yangu, Angélique, naye iko muzima. Usishangae nikiandika Angélique. Mu karatasi leo anaitwa Nkandu, juu Serikali imesema majina ya Bazungu tuyatupe yote, na mimi njo nilimuchagulia hii ya nkambo yake, muzee ya zamani ya jamaa yao. Lakini miaka kumi na moja nimemuita Angélique, na mulomo yangu haijapata ile habari ya Serikali.

Mutoto yako Kunda alifika salama. Sudi alimukalisha mbele, pembeni yake, na anasema toka Kasenga mpaka Kasomeno mutoto hakufunga kinywa. Aliuliza juu ya kila muti na kila mbuzi. Pale Kasomeno balisimama kula, akamuuliza muzee mumoja meno yake aliyaacha wapi. Nikasema huyu ni mwipwa yangu kweli, mutoto ya wewe dada yangu, hakuna haja ya kutafuta ushahidi.

Sasa tuseme habari ya masomo. Najua wakati ulikuja hapa mu août, mwezi iliyopita, ulipita kwa Mama Kulthumu, dada ya Sudi, ukaona kile kiwanja chake cha batoto, ukakipenda. Mimi nilikwenda tena kukiangalia na macho yangu, macho yenye imeona Kolwezi, na Ndola, na Kinshasa ndani ya ndege. Mudogo yangu, pale hakuna kalasi. Kuko muchanga, mabeseni ya maji, mikebe ya zamani, na bitambaa bya bwana yake Amadi, ule fundi wa kushona. Batoto makumi mabili banafanya kile banapenda. Mumoja anafinyanga udongo, mungine anauza mawe, mungine amelala. Nikamuuliza Mama Kulthumu banajifunza saa ngapi. Akanijibu eti banajifunza sasa hivi. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Nitoe mutoto Kasenga, kilometre zaidi ya mia mbili, nimulete mu muji mukubwa achezee udongo? Udongo ya mto Luapula imeisha?

Nimemutia mu gardienne, ile masomo ya batoto badogo mu kambi ya bafanyakazi, pale batoto ya Kampani yetu banasomea. Pale njo kuko masomo. Filimbi inalia saa moja na nusu. Batoto mu mustari, bafupi mbele. Tablier ya bluu juu ya nguo, kitambaa mweupe na pini ku kifua. Kila mutoto na kiti yake, mikono ku magoti, hakuna kusema kama monitrice, mwalimu yao, hajakuita. Kila asubui banasimama mumoja mumoja, na kila mutoto anasema jina yake, ya papa yake, ya mama yake, na namba ya nyumba. Kwa kifaransa. Miaka mitano, Mwape! Mimi na miaka mitano nilijua kukamata panzi, basi.

Sudi anakuletea sukari na kitenge. Usinishukuru, mukono yangu haijajifunza kufunga.

Mimi yaya yako, kaka yako mukubwa, Chomba,
shofere ya ingénieur ya Kampani, citoyen, mwananchi kamili


Kasenga, tarehe 8/10/1972

Yaya Chomba,

Barua nimepata, na sukari, na kitenge. Mama anakusalimia, magoti inamuuma lakini anatembea. Mvua haijafika. Mto umeshuka, chisense, bale samaki badogo, ni mingi, tunaanika ku muchanga kutwa nzima na mikono yangu inanuka samaki mpaka ku kiwiko. Salimia Angélique.

Tulisikilizana mbele ya mama: mutoto anakuja kwako mwaka mumoja, na anasomea kwa Mama Kulthumu. Sikusema kwa kucheka. Unamujua Kunda. Akinyamaza ni juu iko mugonjwa. Kwa Mama Kulthumu aliingia akasahau kama niko, nilimuita mara tatu. Na Mama Kulthumu aliniambia neno moja: eti mutoto akiachiwa acheze, anakuonyesha kila kitu yenye iko ndani yake, hata ile hawezi kusema. Nikaona basi, mutoto yangu akiwa mbali na mimi, akae kwa muntu yenye anaangalia bile.

Kitu ingine. Siku ile nilipita pia ku mulango ya gardienne ya kambi. Mulinzi aliniambia eti ni batoto ya bafanyakazi tu, bale bameandikwa ku karte ya baba, ile karatasi yake ya kazi. Baba ya Kunda alivuka mto akaenda Zambia. Kunda aliingia ginsi gani?

Nangoja.

Mwape


Lubumbashi, tarehe 26/11/1972

Mudogo yangu Mwape,

Salamu kwako na kwa mama. Umuambie apake magoti mafuta ya moto, isiwe ya kupikia samaki, nitamuletea dawa ya kizungu mimi mwenyewe. Sisi wote wazima. Ingénieur amepata motokari mupya, kwa hiyo na mimi nimepata motokari mupya. Bantu mu kambi bananipungia mukono, bengine hata sibajui.

Unauliza mulango. Ee Mwape. Kwa muntu ya Kasenga mulango ni mbao. Hapa mu muji mulango ni bantu, na mimi bantu nabajua. Usijichokeshe na mambo ya biro, ile ofisi ya bakarani.

Sikia habari muzuri. Monitrice aliniita. Nilifikiri kuko mambo. Kumbe ni sifa: eti mu kalasi yote Kunda njo anajua kunyamaza kuliko benzake. Mwezi ya kwanza alisemasema, leo unaweza kusahau kama iko pale. Na ile maneno ya asubui anaisema bila kukosea hata pahali pamoja. Kwa furaha nilinunulia kalasi muzima bonbon za sukari, mpaka monitrice mwenyewe alikamata tatu.

Hata ku nyumba amekuwa mutoto ya adabu. Anakula, anasema merci, anakaa. Angélique amemushonea nguo tatu. Kila dimanche, siku ya Mungu, anamusuka nywele, anamuimbia mambo ya kwao ku mugini, ku kijiji, mambo yenye sikujua kama anakumbuka. Hii nyumba yetu ilikuwa na biti bine na bantu babili. Sikuijua kama ni kubwa bile.

Usiwe na mashaka.

Yaya yako Chomba


Lubumbashi, tarehe 7/1/1973

Mwape,

Heri ya mwaka mupya kwako na kwa mama. Huku mvua inapiga malata, mabati ya nyumba, mpaka hatusikilizane, bahati ni kama mimi nina sauti ya kutosha.

Nakuandikia haraka mbele Sudi hajaondoka. Gardienne ilifungwa siku kumi na ine juu ya sikukuu. Angélique alikuwa na kazi ya shamba, mimi niko mu barabara na ingénieur, basi akamupeleka Kunda kwa Mama Kulthumu bila kuniuliza. Siku ya ine nilikwenda nikamutoa. Pale si pahali pa mutoto. Batoto banacheza michezo ya kusengenya bantu bakubwa, na mwenye kiwanja anakaa anabasikiliza sawa vile anasikiliza radio. Mama Kulthumu ni muntu muzuri, bwana yake ananishonea, lakini iko na mulomo.

Kama Sudi anakuletea maneno, ujue ni maneno ya camion, inatikisika mu njia inafika imevunjika.

Gardienne imefunguliwa. Kunda yuko mu mustari yake, muzima kabisa.

Chomba


Kasenga, tarehe 21/1/1973

Yaya,

Sisi tuko. Mama anakohoa kidogo. Mto umejaa.

Sudi hakuleta maneno ya camion. Alileta maneno ya dada yake, na nilimurudilisha maneno mara mbili juu nilifikiri nimesikia mubaya.

Siku ya kwanza pale kwa Mama Kulthumu, Kunda alikaa na mikono ku magoti mpaka saa sita. Balimupa maji, balimupa udongo, hakugusa. Alikuwa anangoja filimbi. Siku ya pili alifinyanga nyumba. Siku ya tatu alifinyanga bamama babili. Mumoja alimukalisha juu ya kipande ya karatasi, akaambia benzake: huyu ni mama ya kwenye karte. Mungine alimufunika na mukebe. Mutoto mumoja akauliza ndani ya mukebe ni nani. Kunda akamujibu, "Usimutaje. Ukimutaja, mujomba batamufukuza kazi na nyumba batatunyanganya." Kisha akalala chini, akaweka mulomo karibu ya mukebe, akasema polepole, "Mama, usikohoe."

Nimekaa na hii maneno siku tisa.

Mama ya kwenye karte ni nani? Nijibu, na usinichekeshe.

Mutoto umutoe mu ile gardienne umurudilishe kwa Mama Kulthumu. Ukifanya bile, atakaa kwako mpaka juillet, mwezi ya saba, kama tulisikilizana, na mimi sitasema neno kwa muntu. Usipofanya, nitakuja mimi mwenyewe.

Mwape


Lubumbashi, tarehe 11/3/1973

Mudogo yangu Mwape,

Barua yako ililala Kasomeno wiki tano juu ya mvua. Sudi aliifunga ndani ya kofia yake, ilifika na jasho ya Sudi juu yake, lakini niliisoma yote. Pole kwa kikohozi ya mama. Nimetuma dawa.

Umesema nisikuchekeshe. Basi nitasema kama muntu ya biro.

Mwaka jana majina yalipobadilishwa, Kampani ilitengeneza karte mupya kwa kila mufanyakazi. Tulipanga mustari ku biro. Karani ni Kabwe, unamujua, ule wa shingo ndefu. Akaandika jina yangu mupya. Akaandika jina mupya ya bibi yangu. Kisha akafika pale pa batoto, akaniangalia na bic, kalamu yake, juu. Mwape, miaka kumi na moja pale pamekuwa mweupe. Nyuma yangu kulikuwa bantu bengi, bengine na batoto saba, nane, banauliza kama karatasi itatosha. Mulinzi mumoja akasema, mupite upesi na Chomba, yeye hana batoto ya kuandika. Bakacheka. Mimi pia nilicheka, unanijua. Halafu nikasikia mulomo yangu inasema: Kunda, miaka mine.

Njo bile mulango ulifunguka. Ni karatasi tu. Kwa hiyo karatasi amepata masomo, maziwa, na docteur. Na kwetu mwipwa ni mutoto ya mujomba, hata mama anajua bile, kwa hiyo sikudanganya muntu, nilifupisha njia.

Ila monitrice anauliza kila asubui papa ni nani na mama ni nani. Basi nilimufundisha. Wiki mbili, mimi na yeye ku meza, na paketi ya biscuit. Akisema Nkandu, anapata biscuit. Akisema Mwape, hapati. Ni mutoto ya akili, toka siku ya tano hakukosea tena. Namna ya mukebe na ya kufukuzwa kazi hiyo sikumufundisha, aliitoa mwenyewe, pengine alitusikia tukisemana na Angélique.

Sasa umeona juu ya nini sikumutaka kwa Mama Kulthumu. Si juu ya udongo. Mu gardienne mutoto anasema kile bamemufundisha, na kisha anakaa. Kule anasema kile anajua. Na bakisikia ku biro, nitatoka mu kazi na mu nyumba siku moja, na tena ingénieur atanisikitikia, na hiyo ndiyo sitaki kabisa.

Niachie mpaka juillet. Fete ya gardienne, sikukuu yao, iko ku mwisho ya juin, mwezi ya sita, Kunda bamemuchagua kusimama mbele. Nyuma ya fete nitamupeleka kwa Mama Kulthumu, acheze mpaka achoke.

Angélique hajui kama nakuandikia hii.

Yaya yako


Lubumbashi, tarehe 20/5/1973

Mwape,

Nimekutumia barua tatu na hujajibu hata moja. Sudi anasema alikupa mu mukono, anasema ulizisoma ukiwa umesimama, ukaendelea kuanika samaki.

Mama iko namna gani? Andika hata hiyo tu.

Kunda amezidi urefu. Tablier imekuwa fupi, Angélique amefungua upindo.

Chomba


Kasenga, tarehe 15/7/1973

Yaya Chomba,

Tulifika. Mama anamulalisha Kunda pembeni yake.

Sikukuandikia juu nilikuwa na neno moja tu na nilikwisha kulisema. Nilikuambia nitakuja. Nilikuja.

Siku ile ya fete uliniona nimefika na camion ya asubui, na sahani yangu ya samaki, ukanikalisha mbele kabisa juu ulifikiri nikiwa mbele nitaona haya kusema. Ulihesabu muzuri. Batoto baliingia mu mustari na filimbi. Kunda akaitwa. Alinitafuta na macho, akanipata, na mimi nikaona mulomo yake inataka kufunguka. Kisha akakusanya miguu, akaweka mikono pembeni, akaangalia malata juu ya kichwa yangu, akasema kwa kifaransa bila kukosea: jina yangu ni Kunda, papa yangu ni Chomba, mama yangu ni Nkandu. Na namba ya nyumba yenu. Bantu bakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nakuambia kweli, sehemu moja ya roho yangu ilifurahi juu ya ile tablier na kile kitambaa mweupe, na hiyo nitaibeba mimi.

Monitrice akaja kumushika Angélique mukono, eti umelea muzuri, citoyenne. Kisha akaniuliza mimi ni nani. Ulikuwa pale. Uliniangalia sawa vile muntu anaangalia polisi. Nikasema mimi ni tante yake, shangazi ya Kasenga. Hiyo ilikuwa zawadi yangu kwako, na usingoje ingine.

Na karte, ile ulionyesha ku mulango, uliniachia mimi niishike, juu Kunda alilia na kamba ya kiatu na ulitaka kumufungia wewe. Nikaisoma. Bameandika siku: tarehe tatu ya mwezi wa sita, mwaka jana. Barua yako ya kuniomba nikupe Kunda aje kusoma ilifika mwisho ya juillet. Nilisimama pale nikahesabu mara mbili, na vidole. Ulimuandika kwanza. Kuomba ulikuja kuomba nyuma. Sisi tunagombana mwaka muzima kama ni gardienne hii ao ile, na wewe hukutafuta gardienne, ulikuwa umekwisha kupata mutoto, unatafuta tu pahali pa kumuweka asiseme.

Angélique alifunga nguo yake yote bila kuniuliza. Alikunja zile tatu alishona mwenyewe akaziweka juu. Hakutoka kutuaga. Yeye sina neno naye.

Sasa sikia mutoto yako ya adabu ginsi iko. Nimemupeleka ku ukingo ya mto, pale batoto ya bavuvi banachezea udongo. Anakaa. Mikono ku magoti. Anangoja bamuite. Mu nyumba ananiita tante, hata tukiwa mimi na yeye tu. Nilimuambia, Kunda, hapa hakuna monitrice, unaweza kuniita mama. Akaenda mpaka ku mulango, akaangalia inje kushoto na kuume, akarudi, akaniuliza, "Na mujomba atakula nini?"

Miaka sita hajatimiza, na anachunga kazi yako.

Septemba hatarudi.

Mwape


Lubumbashi, tarehe 23/9/1973

Mudogo yangu Mwape,

Salamu kwa mama. Salamu kwa wewe, kama utazipokea.

Nataka usikie hii ku mukono yangu mbele hujaisikia ku mulomo ya Sudi.

Masomo yalipofunguliwa, Kabwe aliniita ku biro. Eti mutoto yangu ametimiza miaka ya kuingia première, kalasi ya kwanza, na majina ya batoto ya karte yote iko mu liste ya docteur, kila mumoja apimwe, na Kunda hakuonekana. Nikasema iko ku Kasenga kwa tante yake. Akasema basi alete karatasi ya masomo ya Kasenga na jina ya papa juu yake. Nikasema mutoto ni mugonjwa. Akasema basi alete karatasi ya docteur. Kila kitu nilisema, iko na karatasi yake. Kulikuwa bantu batatu nyuma yangu banasikiliza. Mimi mwenye kujua milango yote ya hii muji sikuona mulango hata moja. Nikasema, Kabwe, ule mutoto amekufa.

Sikupanga, naapa. Ilitoka.

Kabwe alivua kofia. Batatu bale bakanishika mabega. Mbele sijafika ku nyumba, habari ilikwisha kufika. Kampani ilituma bache, turubai ya kivuli, na mabenchi, na mufuko ya sukari, na kahawa. Bantu bakajaa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Hata monitrice alikuja, analia. Balikaa siku tatu, na mimi nilikaa mu kati yao na kitambaa ku kichwa. Banauliza alikufa na nini, nasema homa. Banauliza mulimuzika wapi, nasema Kasenga, karibu ya mto.

Angélique hakujua. Alikuwa ku soko. Alirudi na kitunga, kikapu ya unga, ku kichwa, akakuta banaume banakaa inje, na mumoja akamuambia pole, mama, Mungu njo alimupenda zaidi. Alianguka pale pale, unga ikamwagika. Nilimubeba ndani, nikafunga mulango, nikamuambia mu sikio kama ni uongo, Kunda iko muzima, ni maneno ya biro tu. Akasema, "Najua. Niache nilie." Na alilia siku tatu, Mwape, mpaka bamama benye kujua kulia balimuogopa. Tangu pale hajanisemesha. Ananipikia, anaweka sahani, anatoka.

Ku karte bamechora mustari mwekundu juu ya jina. Nilifikiri sasa nitapumua. Lakini ile usiku yote naona mambo moja: kama Kunda anakanyaga tena hii muji, muntu mumoja tu akimuona mu barabara na jina yake, mimi nimekwisha. Hawezi kuja gardienne, hawezi kuja première, hawezi kuja hata kwa Mama Kulthumu kucheza siku moja.

Najua kwetu kumulilia muntu iko muzima ni kumuita kifo. Usimuambie mama. Kama kuko kitu ya kufanya, kumuosha ao kumupaka dawa, ufanye, na useme ni mimi nilikosa.

Sina mazawadi mara hii. Sikujua ni nini ya kutuma.

Chomba


Kasenga, tarehe 14/10/1973

Yaya Chomba,

Barua nimepata. Mama nilimusomea, sikuweza kuificha. Alimuosha Kunda ku mto asubui mapema, hakueleza kitu, na tangu pale jina yako hataji.

Mwambie Angélique mutoto anavaa nguo zake. Ile ya maua njo anapenda.

Kunda anasema tena. Si kama zamani, lakini anasema. Juzi aligombana na mutoto ya muvuvi juu ya mukebe, nikasikia sauti yake toka mbali, nikaacha samaki nikakaa chini. Ananiita mama. Wakati bantu ni bengi bado anaangalia pembeni kwanza.

Hapa hakuna gardienne, ya filimbi wala ya udongo. Atangoja mpaka première ya hapa, na atakuwa na jina ya baba yake, ule wa Zambia, juu yeye hata kama alitukimbia, hakumuzika muntu.

Jana jioni aliniuliza mujomba iko wapi. Mama alinifanyia alama nimujibu na kile wewe ulijibu ku biro, eti umekufa. Mimi siwezi kumuzika muntu muzima. Nilimuambia uko Lubumbashi, uko ku kazi. Akauliza tutakwenda lini kukuona.

Nikamuambia aende acheze.

Mwape, mama ya Kunda